Zamu za hoteli na riwaya: unaandikaje kila siku wakati saa zako za kazi hazitulii?

Mwana_Langoni (Lamu)

Asalaam aleikum wanabaraza. Naomba msaada wa ratiba. Wa kutiwa moyo sihitaji, moyo upo.

Kazi ni mapokezi ya hoteli, Shela. Zamu ni tatu na hubadilika kila wiki: saa 1 asubuhi hadi saa 9 mchana, saa 9 mchana hadi saa 5 usiku, na saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi. Mapumziko ni siku moja kwa wiki, na siku yenyewe huhamahama. Makazi ni Langoni, kwa hiyo kuna safari kila siku: dakika 40 na kitu kwa miguu ufuoni, au kama robo saa kwa boti. Chumba ni cha watu watatu.

Kinachoandikwa ni riwaya. Sura tatu ziko tayari, kama maneno 9,000, ya nne imegoma. Pembeni kuna utenzi wa beti 60 ambao haujafika popote.

Maswali yangu. Kila mshauri husema "amka saa 11 alfajiri uandike", lakini wiki ya zamu ya usiku saa hiyo mtu yuko kaunta anakesha. Sasa je? Kwa siku ni maneno mangapi yasiyomchosha mtu? Riwaya na utenzi vinaweza kwenda pamoja, au kimoja kingoje? Na mwisho: wageni wakishalala, kompyuta ya mapokezi iko wazi. Kuna ubaya gani kuandikia pale?

Mwalimu_Ngomeni (Malindi)

Wa aleikum salaam kaka. Huo ushauri wa alfajiri ni wa watu wanaoingia kazini saa ileile mwaka mzima. Mwenye zamu akiufuata, kila wiki ya tatu ratiba inamvunjikia, na ikivunjika mara mbili tatu huiacha kabisa, kisha anajilaumu kuwa mvivu. Uvivu haumo. Tatizo ni kwamba kafunga mashua kwenye gogo linaloelea.

Usifunge kuandika kwenye saa. Kufunge kwenye tukio ambalo hutokea kila siku, zamu iwe ipi. Kwako tukio hilo ni kuamka kutoka usingizi mkuu. Ukishanawa, ukaswali kama wakati wa swala umeingia, ukapata kikombe cha chai, dakika 40 zinazofuata ni za mswada, na simu bado haijaguswa. Hili la simu si adabu tu. Ukishasoma jumbe tano za kazi, kichwa kimekwisha kuingia zamu ilhali mwili bado uko nyumbani.

Kwa zamu zako itakuwa hivi. Wiki ya asubuhi: amka saa 10:45 alfajiri, uandike saa 11:20 hadi saa 12 kamili, saa 12:25 uwe gatini. Maana yake taa izimwe saa 4 usiku. Mtu akilala saa 6 kisha akajilazimisha saa 10:45, siku ya tatu anaandika huku anasinzia, na sentensi zake zote zinaanza na "Basi".

Wiki ya jioni ndiyo wiki ya mavuno, na wengi huipoteza kwa kulala hadi adhuhuri. Unafika nyumbani karibu saa 6 usiku, unalala, unaamka kuswali, unarudi kulala hadi saa 2 asubuhi. Kuanzia saa 2:30 hadi saa 4 una saa moja na nusu, joto halijapanda na wenzako wa chumbani wamekwenda shughuli zao. Fanya vikao viwili vya dakika 40, katikati usimame unyooshe mgongo.

Wiki ya usiku: ukirudi asubuhi usiandike. Jua hukudanganya kuwa uko macho, lakini yanayoandikwa saa hiyo mengi hufutwa, tena yanakula usingizi ambao hautarudi. Lala. Ukiamka saa 8 au saa 9 mchana, hiyo ndiyo "alfajiri" yako. Andika hapo, kidogo.

Siku ya kugeuka kutoka zamu moja kwenda nyingine iandike sifuri kwenye kalenda tangu mwanzo. Na kama msimamizi husikiliza, omba mzunguko uende mbele: asubuhi, kisha jioni, kisha usiku. Mwili huchelewesha usingizi kwa urahisi kuliko kuuwahisha. Mzunguko wa kurudi nyuma (usiku, jioni, asubuhi) ndio unaowaacha watu wamepauka.

Kiasi: maneno 300 kwa siku wiki ya asubuhi, 500 wiki ya jioni, 150 wiki ya usiku, siku sita kwa wiki. Kila mzunguko wa wiki tatu utakupa 5,700. Ukitaka mswada wa maneno 50,000 umebakiza 41,000, yaani mizunguko saba na kitu, wiki 22. Weka miezi minane, kwa sababu homa zipo, harusi zipo, na wageni wa Desemba wapo.

Hapa nitoe onyo moja. Hesabu za maneno zinazozunguka mitandaoni ni za Kiingereza. Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19 aliyekuwa mtumishi wa posta, alijiwekea maneno 250 kila robo saa, na saa yake iko mbele yake mezani. Usijipime kwa kipimo hicho. "Nitakapomwambia" ni neno moja kwetu. Kwa Kiingereza hilo ni maneno matano. Maneno 300 ya Kiswahili yamebeba zaidi ya 300 ya mwenzako.

Sasa sura ya nne. Mara nyingi riwaya hugoma hapo kwa sababu sura tatu za mwanzo zilikuwa za kutambulisha watu na mahali, na ya nne inadai mtu atake kitu, mwingine amzuie. Kama hilo hujaliamua, hakuna saa ya kuamka itakayokusaidia. Chukua karatasi, kwa kila mhusika mkubwa andika sentensi moja: anataka nini wiki hii, nani au nini kinamzuia. Ikikataa bado, ruka. Andika tukio lolote la mbele unaloliona wazi, ukaliunge baadaye.

Ukimaliza kikao usimalize sentensi. Iache katikati, na chini yake andika mistari mitatu: nani yuko chumbani, anataka nini, kinachofuata ni nini. Kesho unaanza kwa kukamilisha sentensi, hutafuti mlango upya. Asiyeacha kishikizo hupoteza robo saa ya kwanza akisoma yaliyopita, na akishaanza kusoma huanza kurekebisha. Soma nyuma aya mbili, basi. Marekebisho yaende ukurasa wa mwisho wa daftari: "sura 2, jina la mama limebadilika", "sura 3, mashua ilikuwa jahazi". Utayafuata baadaye.

Mja_Mkomani (Lamu)

Mwalimu kasema ya riwaya, mimi nishike utenzi. Vitu hivi viwili havigombani kama utavipa mahali tofauti: riwaya mezani, utenzi ndiani (njiani).

Ubeti wa utenzi ni mistari minne, kila mstari mizani 8, yaani silabi 8. Mizani 32 kwa jumla. Kichwa cha binadamu kinaibeba bila karatasi, na mwendo wa miguu unaipigia ngoma. Kwenda Shela ubeti mmoja, kurudi ubeti mmoja. Siku sita za kazi ni beti 12 kwa wiki. Kutoka 60 hadi 300 ni wiki 20, na hujaiba dakika hata moja ya riwaya. Shairi la mizani 16 usilijaribu ukitembea. Vina vya kati na vya mwisho vikikutana na punda anayetaka kupita, unapoteza vyote.

Mizani ihesabiwe kwa vidole vinane, ukiacha vidole gumba. Mkono mmoja ni nusu ya mstari. Makosa ya wanaoanza ni yaleyale. Wanahesabu "mtu" mizani moja, nayo ni mbili: m-tu. "Nchi" ni mbili, na sisi tukisema "nti" ni mbili vilevile. "Mguu" ni tatu. Lakini "ndege" ni mbili, si tatu, kwa sababu nd imeshikana na irabu yake. "Mwezi" ni mbili. Atakayekosea hapa ataona utenzi wake unasomeka vizuri kimoyomoyo, lakini msomaji akianza kuughani unachechemea.

Kitu cha pili ni bahari, yaani kina cha mstari wa nne ambacho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kabla hujaendelea na beti zako 60, angalia umechagua kipi. Aliyechagua "-we" au "-gu" atakwama mapema, maneno yamekwisha, aanze kuleta watu wasiohusika kwenye kisa ili apate kina tu. "-ya" ina nafasi kubwa, hasa ukitumia lugha ya kale ya huku: kuzengeya, kurejeya, kusinziya. "-ni" ni rahisi mno, na urahisi wake ni mtego: kila ubeti utaishia nyumbani, kazini, baharini. Tenga siku moja ya mapumziko, uandike orodha ya maneno 150 yanayoishia kwenye bahari yako, uikunje uweke mfukoni. Ndiani unachagua kwanza neno la mwisho, kisha unatunga kulielekea. Yaani ubeti unajengwa kutoka mkiani.

Mfano wa haraka, vina "-ka", bahari "-ya":

*Kazini nimetumika*
*Zamu imemalizika*
*Kalamu nimeishika*
*Mato yangu yasinziya*

Hesabu kila mstari, utapata nane ("mato" ni macho kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu). Si ubeti wa kushindana nao, lakini umesimama.

Ukirekodi kwa simu ufuoni, upepo wa kusi unajaza kinasa sauti. Upe upepo mgongo au ufunike simu kwa upindo wa kikoi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yakijaa hula njia ya ufuoni, utapanda boti. Kwenye boti injini haikuachi urekodi, basi kariri ubeti wa jana na uurekebishe. Maji hujaa kwa kuchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ukijua ya leo umejua ya wiki nzima, na unaweza kupanga siku za kutembea.

Mwana_Langoni

Shukrani sana maalim zangu. Bahari yangu ni "-we". Sasa naelewa.

Naongeza swali: mwezi wa Ramadhani na miezi ya wageni wengi ratiba hii inasimama? Na bado sijajibiwa la kompyuta.

Fundi_wa_Majengo (Malindi)

La kompyuta ya kazini: usifanye, kwa sababu tatu, na ya kwanza si ya kisheria. Mashine ya mapokezi siku yoyote inaweza kufutwa, kubadilishwa au kufungwa neno la siri jipya, na hakuna atakayekuuliza kama una riwaya ndani.

Ya pili, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi iliyotungwa mtu akitekeleza ajira yake, haki yake huhesabiwa imehamia kwa mwajiri, isipokuwa wameandikiana vingine. Riwaya si kazi ya mapokezi, kwa hiyo kwa kawaida ni yako. Lakini ukiiandika ndani ya saa za zamu, kwenye mashine ya mwajiri, unampa mtu nafasi ya kubishana nawe jambo ambalo lingekuwa wazi. Soma mkataba wako: tafuta kifungu cha kazi za nje na kile cha siri za wageni. Ya tatu ni hiyohiyo siri. Mgeni wa chumba fulani akijitambua kwenye sura ya sita, badilisha jina usibadilishe, kuna shida. Badilisha nchi yake, umri, shughuli na sababu ya safari, vyote vinne.

Hakimiliki yenyewe huzaliwa pale unapoandika. Kusajili Kecobo, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni kujiongezea ushahidi, na mswada usiokamilika hauna haja ya kukimbiziwa huko.

Sasa vyombo. Chumba cha watu watatu na stima inayopotea kinataka daftari na simu, kompyuta ya mkononi iwe ya mwisho. Rasimu ya kwanza kwa kalamu ya biki ya kawaida. Zile za wino wa majimaji huchafuka mkono ukitoka jasho, na Lamu mkono hutoka jasho hata saa 2 asubuhi. Ukurasa wa daftari la shule hubeba kama maneno 150 hadi 180, kwa hiyo 300 ni kurasa mbili, na hutahitaji kuhesabu. Daftari lililojaa liwekwe kwenye mfuko wa plastiki ndani ya kopo la bati lenye kifuniko. Unyevu wa bahari hulegeza gundi, mchwa humalizia.

Kwenye simu, kabla ya neno la kwanza, weka kibodi iwe ya Kiswahili au zima marekebisho ya moja kwa moja. Gboard, kibodi ya Google, ina Kiswahili. Usipofanya hivyo simu itakubadilishia maneno kimyakimya, na kosa la namna hiyo ni gumu kuliona kwa sababu neno lililoingia limeandikwa sawasawa, ila silo. Kuandika kwa sauti kwa Kiswahili nako kupo na husaidia kuhamisha kutoka daftarini, lakini mazungumzo ya Kiamu utayarekebisha kwa mkono neno kwa neno. Ukitumia Google Docs, washa matumizi ya bila mtandao mapema, ukiwa bado na mtandao. Watu hugundua hawakuwasha wakiwa tayari katikati ya mkondo.

Nakala: faili moja kwa kila sura, jina liwe na tarehe inayoanza na mwaka (2026-05-08), ili zijipange zenyewe. Mara moja kwa wiki, siku ya mapumziko, jitumie barua pepe mswada wote. Anayehifadhi kwenye simu peke yake anahifadhi kwenye kitu kinachopanda boti mara mbili kwa siku.

Binti_Wiyoni (Lamu)

Mwalimu, kwa heshima zote, umempangia kaka yetu kama mtu asiye na nyumba. Maneno 150 wiki ya usiku ni ya kwenye karatasi tu. Anayeamka saa 8 mchana baada ya kukesha anakuta adhuhuri inamngoja, maji yanangoja, ndugu wanaingia na kutoka. Wiki hiyo aiondoe kabisa kwenye utungaji. Kazi yake iwe kuhamisha yaliyo daftarini kwenda kwenye simu, dakika 20 kwa siku. Ni kazi ya mikono, kelele haziiharibu, na bado mtu ameugusa mswada wake. Ndipo wiki ya asubuhi anaanza na maandishi safi.

Kuhusu mahali: wiki ya jioni, asubuhi, kuna maktaba ndani ya Ngome ya Lamu. Uliza saa zao kwanza. Barazani ni pazuri kwa utenzi, ni pabaya kwa riwaya: kila apitaye atakusalimu, na salamu za huku haziishii kwenye "hujambo".

Miezi ya wageni, Julai na Agosti, kisha Desemba hadi Machi, usiweke lengo la maneno kabisa. Weka lengo la kufungua daftari. Sentensi moja inatosha, kwa sababu kinacholindwa wakati huo ni uzi wa kisa. Mswada ukiachwa wiki sita, mwandishi huanza kusahau nani anajua siri ya nani, na kuurudia huchukua wiki mbili. Wiki ya Maulidi hapa mjini nayo iandike sifuri, usijidanganye.

Masika, tangu Aprili hadi Juni, hoteli nyingi hupungua au kufunga. Hapo ndipo likizo yako iende. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku zisizopungua 21 za kazi zenye malipo kila miezi 12. Usizitumie kutunga. Kutunga kunawezekana kwa dakika 40, ila kusoma mswada mzima hakuwezekani kwa dakika 40, kwa sababu mtu anatakiwa aukumbuke mwanzo wakati anasoma mwisho. Siku nne za kusoma bila kugusa kalamu ila pembeni, kisha zinazobaki ni za kuhamisha sura na kuziba mashimo.

Ramadhani: saa mbaya kuliko zote ni baina ya alasiri na magharibi, kiu na joto vimekutana. Ukiwa zamu ya asubuhi, amka nusu saa kabla ya daku uandike hiyo nusu saa. Baada ya tarawehe watu wengi hujaribu, na wengi huishia barazani na kahawa. Miaka hii mwezi unaangukia ndani ya kaskazi, wageni bado wapo, kwa hiyo sentensi moja kwa siku ni halali yako.

Mwalimu_Ngomeni

Dada Binti, la wiki ya usiku nimelikubali. Basi hesabu ibadilike: 4,800 kwa mzunguko badala ya 5,700. Mizunguko minane na nusu, wiki 26 hivi, kabla ya kutoa miezi ya wageni. Mwaka mmoja, tuseme ukweli.

La kusoma wakati wa likizo nalikubali pia, ila kwa sharti: mswada uchapwe kwenye karatasi kabla likizo haijaanza. Kwenye simu jicho linaruka, na makosa ya mpangilio hayaonekani. Kwa maneno 50,000 tarajia kurasa 170 hivi za A4 kwa nafasi mbili. Chapa upande mmoja, ule wa pili ni wa kuandikia.

Mwana_Langoni

Nimeandika yote. La mwisho: daftari la kurasa ngapi? Na bahari ya "-we", niibadilishe beti zote 60 au nianze upya?

Mja_Mkomani

Usianze upya. Mstari wa nne tu ndio unaobadilika, ile mitatu ya juu haiguswi. Mistari 60, mwendo wa kwenda na kurudi ni miwili kwa siku. Siku 30 za kazi umemaliza, na utakuwa umeijua "-ya" vizuri kabla hujatunga ubeti wa 61.

Fundi_wa_Majengo

La kurasa 96. La 200 halikunjiki kuingia mfukoni, na likilowa kwenye boti limelowa na miezi minne ya kazi.